Kufuta si Kuondoa: Kompyuta Kuukuu na Siri za Watu Tunaowahudumia



Katika toleo hili tumeona ni vema tueleze jambo ambalo wengi wetu huwaachia mafundi, ingawa kwa kweli ni jambo la kila kamati ya parokia na la kila mfadhili. Ni suala la taarifa zinazobaki ndani ya kompyuta baada ya sisi kuamini kwamba tumezifuta.

Kompyuta ya ofisi inapochoka, mara nyingi hufanyika moja kati ya mambo matatu. Huwekwa stoo, hupewa mtu au shule inayoihitaji, au huuzwa kwa fundi ili achukue vipuri. Wafadhili wetu walioko nchi za nje nao hukusanya kompyuta ambazo ofisi zao hazizitumii tena, wakazituma kwa shule na zahanati. Hayo ni mambo mema, na wapo vijana wengi waliojifunza kazi kwa mashine za namna hiyo. Lakini ndani ya kila kompyuta mna diski, yaani kile kijisanduku kinachohifadhi kila kitu tunachoandika. Mashine inapotoka mkononi mwetu, diski hiyo hutoka nayo.

Tujiulize: katika diski za ofisi zetu kuna nini? Kuna orodha ya watoto wanaolipiwa ada, pamoja na sababu za kulipiwa. Kuna majina ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliojiunga na vikundi vya kusaidiana. Kuna barua za ndoa zenye matatizo, maelezo ya wajane waliodhulumiwa mashamba, mishahara ya watumishi, na namba za akaunti za benki za wafadhili. Watu hao walitueleza mambo yao kwa sababu walituamini.

Ili kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe, tutaeleza utafiti wa mwanasayansi mmoja wa kompyuta aliyelichunguza kwa kina kuliko watu wengi.

MWANDISHI WA HABARI ALIYEGEUKA MCHUNGUZI

Simson Garfinkel ni Mmarekani. Alisoma katika chuo cha Massachusetts Institute of Technology, kinachojulikana kwa kifupi kama MIT, kisha akasomea uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Columbia. Kwa miaka mingi aliandika katika magazeti na vitabu kuhusu kompyuta na faragha. Mwaka 2000 alitoa kitabu kiitwacho Database Nation, kinachoeleza jinsi taarifa za mtu wa kawaida zinavyokusanywa na wengine bila yeye kujua. Baadaye alirudi MIT, akapata shahada ya uzamivu mwaka 2005.

Mwezi Agosti 1998 Garfinkel alinunua kompyuta 10 zilizokwisha kutumika kutoka duka moja la kompyuta. Alipoziwasha alikuta taarifa za wenyewe wa zamani bado zimo. Moja ilikuwa imetumika katika ofisi ya mawakili, na ilikuwa na mambo ya siri kati ya mawakili na wateja wao. Nyingine ilikuwa na kumbukumbu za shirika la kijamii lililokuwa likiwahudumia watu wenye magonjwa ya akili.

Tusimame kidogo hapo. Shirika hilo lilikuwa la huduma, kama yalivyo mashirika yetu. Hatuna sababu ya kufikiri kwamba watumishi wake walikuwa watu wabaya au wazembe kupita wengine. Waliiondoa mashine kuukuu, na majina ya wagonjwa wao yakaenda dukani pamoja nayo.

DISKI 158

Garfinkel aliona kwamba kompyuta 10 hazitoshi kuthibitisha jambo. Akishirikiana na mwanafunzi mwenzake wa MIT, Abhi Shelat, alinunua diski zilizokwisha kutumika 158, kati ya Novemba 2000 na Agosti 2002. Walizinunua madukani na katika minada ya kwenye intaneti, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kununua. Matokeo yalichapishwa mapema mwaka 2003.

Kati ya diski 158, zilizofanya kazi zilikuwa 129. Kati ya hizo 129, ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo, yaani chini ya 1 katika kila 10. Diski 69 zilikuwa na mafaili yanayoweza kurudishwa na kusomwa, na diski 49 zilikuwa na taarifa nzito za watu binafsi. Watafiti hao walikuta namba za kadi za mkopo zaidi ya 5,000. Diski moja ilikuwa imetoka katika mashine ya benki ya kutolea fedha katika jimbo la Illinois, na ilikuwa na kumbukumbu za mwaka mzima za watu waliochukua fedha pale, pamoja na namba za akaunti zao. Walikuta barua za mapenzi. Walikuta pia barua ya mzazi akimlalamikia daktari kuhusu matibabu ya mtoto wa miaka 7 mwenye saratani.

Mtu anaweza kusema kwamba wenye diski hizo hawakujali. Lakini jambo la kushangaza ni kwamba wengi walikuwa wamejaribu. Diski nyingi zilikuwa zimefutwa mafaili au zimefomatiwa, na mwenyewe aliyeiwasha mashine kwa mara ya mwisho aliiona tupu. Aliiuza akiwa na amani moyoni.

KWA NINI KUFUTA HAKUONDOI

Tueleze kwa mfano. Chukua ghala la mahindi la chama cha ushirika. Mtunza ghala ana daftari linaloonyesha gunia la nani liko safu ya ngapi. Siku moja anakata mstari mmoja katika daftari na kuandika kwamba nafasi ile ni wazi. Mtu akisoma daftari ataona pale hapana kitu. Lakini akiingia ghalani na taa atalikuta gunia palepale lilipokuwa. Litaondolewa siku utakapokuja mzigo mpya unaohitaji nafasi hiyo, na huenda siku hiyo isifike kabla ya miaka mingi.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Tunapofuta faili, na hata tunapolitoa katika lile pipa la taka linaloonekana kwenye kioo, kompyuta hukata mstari katika daftari lake tu. Maneno ya faili hubaki kwenye diski mpaka yaandikwe mengine juu yake. Hufanya hivyo ili kazi iwe nyepesi, kwa kuwa kuandika upya sehemu yote ya faili kungechukua muda mrefu.

Wengi husema, basi tutafomati diski nzima. Garfinkel na mwenzake walilipima na hilo. Waliona kwamba programu ya kufomati iliyokuwa ikitumika wakati ule iligusa kama sehemu 1 tu katika kila 1,000 za diski. Iliandika daftari jipya na kuliacha ghala jinsi lilivyokuwa. Tangu toleo la Windows Vista la mwaka 2007, kufomati kamili huandika sifuri katika diski yote, lakini kufomati kwa haraka bado hakufanyi hivyo. Na fundi mwenye kazi nyingi atachagua njia ya haraka.

TULIMWACHIA FULANI

Katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu, Garfinkel alirudi kwa baadhi ya waliokuwa wenye diski zile ili ajue ilikuwaje. Sababu moja iliyojitokeza ni hii: mwenye kompyuta alimwamini mtu mwingine kwamba atazifuta taarifa, na mtu huyo hakuzifuta. Hakuna aliyehakikisha. Kila mmoja alidhani mwenzake amefanya.

Sisi tunaofanya kazi katika kamati tunalijua jambo hili vizuri. Shughuli isiyo na jina la mtu katika muhtasari wa kikao haina mwenyewe. Mwenyekiti anadhani katibu amemwambia fundi, katibu anadhani fundi anajua kazi yake, na fundi anadhani ofisi imeshatoa kila kilicho chake.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Ghana. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada, wakifanya kazi na kipindi cha Frontline cha televisheni ya Marekani, walifuatilia kompyuta chakavu zinazopelekwa Ghana. Walinunua diski huko, na katika moja wakakuta nyaraka za mikataba kati ya serikali ya Marekani na kampuni kubwa ya mambo ya ulinzi, Northrop Grumman. Kampuni hiyo ilieleza kwamba huenda diski iliibwa baada ya kukabidhiwa kwa wakala aliyepewa kazi ya kuziondoa kompyuta zake za zamani.

Ikiwa kampuni yenye walinzi na wanasheria inaweza kupotelewa na diski namna hiyo, ofisi yenye karani mmoja na stoo isiyo na kitasa haina budi kujiangalia. Tuone pia kwamba safari ya diski ile iliishia Afrika. Katika masoko yetu kompyuta hutengenezwa na kuuzwa tena na tena, na diski moja inaweza kupita kwa watu wengi kabla ya kufa.

Mashine za kutolea nakala nazo zisisahaulike, kwa kuwa nyingi za kisasa zina diski ndani zinazoweza kuhifadhi sura za karatasi zilizopita. Mwaka 2013 mpango wa bima ya afya wa New York, Affinity Health Plan, ulikubali kulipa dola 1,215,780 kwa serikali ya Marekani baada ya kurudisha mashine za kukodi zikiwa na taarifa za wagonjwa ndani yake.

KISU KINACHOKATA PANDE MBILI

Elimu ya kurudisha kilichofutwa ina faida yake. Inaitwa uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali, na polisi na mahakama huitegemea. Baada ya masomo yake Garfinkel alifundisha katika chuo cha jeshi la majini la Marekani kilichoko Monterey, California. Huko aliandika programu iitwayo bulk_extractor, inayotolewa bure kwa yeyote anayeihitaji.

Programu hiyo haishughuliki na daftari la diski hata kidogo. Inapita safu kwa safu, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa ghala, ikitafuta vitu vyenye sura inayojulikana kama namba za kadi za benki, anwani za barua pepe na namba za simu. Kisha huzihesabu na kuonyesha zinazojirudia zaidi. Mara nyingi anwani inayojirudia kuliko zote ni ya mwenye kompyuta.

Mwaka 2010 huko San Luis Obispo, California, watu wawili walishtakiwa kwa wizi wa kadi za mkopo. Upande wa mashtaka ulikuwa na siku moja tu kabla ya kesi kusikilizwa. Programu hiyo ilipitishwa kwenye diski ya watuhumiwa, na kwa muda wa saa mbili na nusu hivi ilipata namba za kadi zaidi ya 10,000.

Kwa hiyo uchunguzi huu unaweza kumsaidia mhasibu mwaminifu kuonyesha ukweli, na unaweza kumfichua mwizi. Lakini kazi iliyohitaji mtafiti wa MIT mwaka 2002, leo inaweza kufanywa na kijana mwenye kompyuta ya kawaida na programu ya bure. Tusijifariji kwa kusema kwamba hapa kwetu hakuna mtu mwenye ujuzi huo.

MAJINA YALIYOONDOLEWA KATIKA RIPOTI

Baadaye Garfinkel alifanya kazi katika Ofisi ya Sensa ya Marekani. Swali la huko lilifanana na lile la diski: je, tukiondoa majina ya watu katika ripoti, watu wenyewe wameondoka?

Kabla yake, mtafiti Latanya Sweeney alikwisha kuonyesha hatari hiyo. Mwaka 2000, akitumia takwimu za sensa ya mwaka 1990, alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambuliwa kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya mahali wanapoishi. Jina halikuhitajika.

Ofisi ya Sensa nayo ilijijaribu yenyewe. Ilichukua majedwali iliyokwisha kuyachapisha ya sensa ya mwaka 2010, yasiyo na jina la mtu, ikayapitisha katika hesabu za kompyuta ili kuunda upya kumbukumbu za mtu mmoja mmoja. Kisha ikazilinganisha na orodha zinazouzwa na makampuni ya biashara. Watu wapatao milioni 52, au asilimia 17 ya Wamarekani wote wa wakati ule, walitambuliwa kwa usahihi.

Jambo hilo linawezekanaje? Tutoe mfano wa hesabu ambao ni wa kufikirika tu. Tuseme ripoti ya robo ya kwanza inaandika kwamba katika kijiji fulani kuna wanakikundi 3 wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi, na wastani wa umri wao ni miaka 31. Ripoti ya robo ya pili inaandika kwamba sasa wako 4, na wastani ni miaka 33. Watu 3 mara 31 ni 93. Watu 4 mara 33 ni 132. Toa 93 katika 132, unapata 39. Msomaji amekwisha kujua kwamba aliyejiunga karibuni ana umri wa miaka 39 hivi. Kijijini watu hufahamiana, na huenda mwenye umri huo aliyeanza kuonekana katika mikutano ya kikundi ni mmoja tu.

Kwa sensa ya mwaka 2020 wataalamu wa Marekani, Garfinkel akiwa miongoni mwao, walitumia njia ya kuongeza au kupunguza kidogo tarakimu kwa bahati nasibu kabla ya kuzichapisha, kwa kipimo kilichokokotolewa. Jumla kubwa hubaki kuwa za kuaminika, lakini hakuna anayeweza kusema kwa hakika kama mtu fulani amehesabiwa au la. Njia hiyo ilizua mabishano, kwani wengine waliona kwamba takwimu za sehemu ndogo zinapungukiwa na usahihi, na jimbo la Alabama lilikwenda mahakamani mwaka 2021 bila kufanikiwa. Somo linalobaki ni kwamba kila tarakimu tunayoichapisha inatoa siri kidogo, na wanaopenda takwimu hawana budi kuchagua kiasi.

Sisi tunaoandika ripoti kwa wafadhili kila baada ya miezi mitatu hatuhitaji hesabu hizo ngumu. Tunaweza kuunganisha vijiji kadhaa katika jedwali moja, na kutaja umri kwa makundi, kwa mfano miaka 30 hadi 44, badala ya wastani. Idadi iliyo chini ya 5 tusiitaje kwa kijiji. Picha ya mtoto isiambatanishwe na jina lake, shule yake na ugonjwa wa mama yake katika ukurasa mmoja.

SIMU ZA MKONONI

Siku hizi kazi nyingi za kamati zinapitia simu. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Laurent Simon na Ross Anderson, walichunguza simu 21 za Android zilizokwisha kutumika. Waligundua kwamba hata baada ya simu kurudishwa katika hali ya kiwandani, waliweza kupata ujumbe na taarifa za mwenye simu wa zamani. Simu za miaka ya karibuni ni salama zaidi, kwa sababu huyafunga maandishi yote kwa ufunguo wa siri tangu mwanzo, na zinaporejeshwa katika hali ya kiwandani ufunguo huo huharibiwa. Maandishi hubaki, lakini hakuna awezaye kuyasoma. Simu za zamani zaidi zilizokuwa na orodha za wanufaika ni afadhali zisiuzwe.

TUFANYE NINI?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunapendekeza kamati za parokia zifikirie mambo yafuatayo katika kikao kijacho.

1. Ateuliwe mtu mmoja, na jina lake liandikwe katika muhtasari, atakayehakikisha kwamba hakuna kompyuta, simu, flashi wala mashine ya kutolea nakala inayotoka ofisini kabla ya kusafishwa. Fundi anaweza kufanya kazi, lakini mteule huyu ndiye wa kuikagua na kutia sahihi.

2. Iwepo rejesta ya vifaa. Kila mashine iandikwe ilinunuliwa au ilitolewa na nani, ilitumiwa na ofisi gani, na ilikwenda wapi siku ya mwisho.

3. Kwa diski za kawaida zinazozunguka, fundi aandike sifuri katika diski yote mara moja. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa nyingi, na inafaa iachwe usiku kucha. Programu za kufanyia kazi hiyo zinapatikana bure.

4. Flashi na diski za kisasa zisizozunguka zina tabia tofauti. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba kuandika juu ya maandishi ya zamani katika vifaa hivyo hakuaminiki, kwa sababu kifaa chenyewe huhamisha maandishi kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Dawa yake ni kukifunga kifaa kwa ufunguo wa siri tangu siku ya kwanza ya kukitumia, au kukivunja kabisa mwisho wa kazi.

5. Diski isiyowaka isihesabiwe kuwa imekufa. Fundi mwingine anaweza kuiwasha. Itobolewe au ivunjwe mbele ya mashahidi wawili, lakini isichomwe moto, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

6. Tusikusanye tusichokihitaji. Kama mradi ni wa kugawa mbegu, hakuna haja ya kuuliza dini ya mtu wala hali ya afya yake. Taarifa ambayo haikuandikwa haiwezi kupotea.

Kwa wafadhili wetu tuna maombi mawili. La kwanza, mnapotutumia kompyuta, zisafisheni huko huko kabla ya kuzifunga katika maboksi, kwa kuwa siri za wateja wenu na za wafanyakazi wenu nazo ni amana. Msiache kutuma kwa sababu ya hofu, kwani mashine iliyosafishwa vizuri hufanya kazi sawasawa na isiyosafishwa. La pili, mnapotuomba ripoti, msituombe majina na picha za watu pale ambapo idadi ingetosha. Pia bajeti za miradi ziruhusu kiasi kidogo cha fedha za kulipia kazi ya kusafisha vifaa mradi unapofungwa. Mradi unapokwisha, fedha huwa zimekwisha na watumishi wameondoka, na mashine hubaki bila mwenyewe. Huo ndio wakati wa hatari kuliko wote.

SHERIA NAYO INASEMA

Zamani mambo haya yaliachwa kwa dhamiri ya mtu. Leo yamo katika sheria. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Rwanda mwaka 2021. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikiwa na tume yake ya kuisimamia. Anayeweka taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, na taasisi za dini na mashirika ya huduma yasidhani kwamba jambo hili ni la mabenki na makampuni ya simu tu. Tunazishauri kamati zitafute ushauri wa mwanasheria kuhusu usajili na wajibu mwingine unaotakiwa.

Hata hivyo, sheria isiwe sababu yetu ya kwanza. Mama anapokuja ofisini na kufunga mlango kabla ya kueleza shida yake, anatukabidhi kitu. Karani anakiandika katika kompyuta kwa sababu msaada hauwezi kutolewa bila kumbukumbu. Kuanzia hapo, kile alichosema kipo chini ya ulinzi wetu, mashine ikiwa mpya au kuukuu, mradi ukiwa unaendelea au umefungwa. Kazi ya Garfinkel imetuonyesha kwamba ulinzi huo hauishi pale tunapoona kioo kitupu.

Tunaziomba kamati zote zikague stoo zao kabla ya kikao cha robo ijayo, zihesabu mashine zilizolala humo, na kuziandika katika rejesta. Mahali pasipo na fundi anayejua kazi ya kusafisha diski, kamati iulize parokia jirani, au izifungie mashine hizo kwenye chumba chenye kufuli mpaka apatikane.